Ulinzi wa mikutano ya kazi kwa njia ya video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya ofisi zisizo na mtu wa TEHAMA wa kudumu: asasi, saccos, shule, kampuni zenye matawi mikoani. Kwa kawaida kuna afisa utawala au katibu muhtasi aliyekabidhiwa akaunti ya Zoom, Google Meet au Microsoft Teams juu ya kazi zake nyingine, na likiharibika jambo ndiye anayeulizwa. Vitufe hubadilishwa majina na mahali kila programu inaposasishwa, kwa hiyo tumeeleza kitufe kinafanya nini badala ya kukariri jina lake.

Sisi ni ofisi ndogo. Nani atahangaika kuvamia mkutano wetu?

Wavamizi wa aina ya kwanza hawachagui. Mwishoni mwa 2019 Zoom ilikuwa na washiriki wapatao milioni 10 kwa siku. Kufikia Machi 2020, watu walipofungiwa nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, walifika milioni 200. Wakorofi wakaanza kutafuta linki zilizoachwa hadharani na kubahatisha namba za mikutano. Tarehe 30 Machi 2020 ofisi ya Boston ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari baada ya shule mbili za jimbo la Massachusetts kuvamiwa zikiwa katikati ya masomo ya mtandaoni. Waliovamia walikuta mlango wazi, wakaingia.

Aina ya pili hapigi kelele, na kwa ofisi ndogo huyu ndiye wa kuogopwa zaidi. Anaweza kuwa mfanyakazi aliyeondoka kwa ugomvi, au mshindani anayetaka kujua mtaweka bei gani kwenye zabuni. Anaingia kwa jina la "iPhone", anazima kamera na maiki, anasikiliza saa nzima kisha anatoka. Hamtajua kama alikuwepo. Sehemu kubwa ya majibu ya hapa chini inamhusu huyo.

Nina dakika chache tu leo. Nianze na nini?

Ingia kwenye akaunti yenu kupitia kivinjari cha kompyuta, fungua mipangilio ya mikutano, washa chumba cha kusubiri (anayejiunga hungoja hapo hadi aruhusiwe) na nenosiri la mkutano. Kisha weka kwamba anayeruhusiwa kushea skrini ni mwenyeji (anayeongoza mkutano) peke yake, au wale atakaowaruhusu. Ukiiweka kwenye akaunti, mikutano mipya yote itaifuata bila wewe kukumbuka.

Usidhani tayari imewashwa. Ni kweli kwamba tangu Aprili 2020 Zoom huwasha nenosiri na chumba cha kusubiri kwa akaunti nyingi ndogo, lakini katika ofisi nyingi kuna mtu aliyezima zamani kwa sababu meneja alilalamika kusubirishwa, na hakuna aliyerudi kuwasha.

Tuna namba moja ya mkutano tunayoitumia kila Jumatatu, kila mtu anaijua. Ni tatizo?

Ndiyo. Kila aliyewahi kualikwa bado anayo: mshauri wa mradi uliokwisha, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa mwaka juzi, mfanyakazi mliyemwachisha. Namba binafsi ya kudumu iacheni kwa mazungumzo ya watu wawili watatu mnaofahamiana. Mkutano wa idara, wa bodi au wa wateja utengenezewe namba yake. Kwa kikao cha kila wiki mnaweza kutumia mkutano unaojirudia, mradi mwanzo wa kila robo mwaka muufute na kutengeneza mwingine, na siku yoyote mtu anapoondoka kazini mfanye vivyo hivyo bila kungoja robo iishe.

Linki tunaituma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na mkutano una nenosiri. Kwani hiyo haitoshi?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na jibu huwashangaza wengi. Itazame linki ya Zoom kwa makini. Mara nyingi baada ya namba ya mkutano utaona herufi *pwd* zikifuatiwa na mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu. Hilo ni nenosiri, limo ndani ya linki yenyewe. Anayeipata linki ameshapata namba na nenosiri kwa pamoja, anabonyeza tu. Maana yake nenosiri linawazuia wanaobahatisha namba. Halimzuii mtu aliyetumiwa linki na shemeji yake anayefanya kazi kwenu.

Na kundi la WhatsApp linavuja kirahisi. Ujumbe unasambazwa kwa vidole viwili, na mara nyingi bila nia mbaya: mtu yuko safarini, anamtumia mwenzake amwakilishe. Kundi lenyewe huwa na watu walioacha kazi zamani ambao admini huona haya kuwaondoa. Halafu kuna picha za skrini. Machi 2020 Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliweka Twitter picha ya kikao cha baraza la mawaziri kilichofanyika kwa Zoom, na namba ya mkutano ikaonekana juu ya picha. Novemba mwaka huohuo ikawa mbaya zaidi: picha iliyowekwa kwenye akaunti ya Twitter ya Waziri wa Ulinzi wa Uholanzi, Ank Bijleveld, ilionyesha anwani ya mkutano wa mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya pamoja na tarakimu tano kati ya sita za namba ya siri. Daniël Verlaan, mwandishi wa chombo cha habari cha Uholanzi RTL Nieuws, akajaza iliyobaki, akajikuta amo kikaoni na mawaziri, akapunga mkono. Kama kikao cha mawaziri wa ulinzi kiliingiliwa hivyo, picha ya "tupo kikaoni" anayoweka mwenzenu kwenye status ichukulieni kwa uzito.

Mfanye nini basi? Njia bora ni kutuma mwaliko kwa kalenda, moja kwa moja kwenye barua pepe ya kazi ya kila mhusika, na kuweka sharti kwamba anayeingia awe ameingia kwenye akaunti yake ya ofisi. Zoom, Meet na Teams zote zina mpangilio wa namna hiyo. Linki ikisambaa, aliye nje atabisha hodi au atakataliwa, hataingia tu. Kama wahudhuriaji wenu hawana barua pepe za ofisi, kama ilivyo kwa saccos na vikundi vingi, tumieni usajili wa mkutano ili kila mtu ajiandikishe kwa jina na apewe linki yake. Na kama WhatsApp ndiyo njia pekee, anzisheni kundi la wahudhuriaji wa kikao hicho tu, linki itumwe muda mfupi kabla ya kuanza, na chumba cha kusubiri kisiachwe wazi kwa hali yoyote.

Chumba cha kusubiri kinatuchelewesha. Mkurugenzi amekaa humo dakika saba na amekasirika.

Tatizo hapo si chumba cha kusubiri. Anayeendesha kikao ndiye huyohuyo anayetakiwa kufungua mlango, kuonyesha mada na kuandika muhtasari, na mtu mmoja hawezi. Mpe mwenzako uenyeji mwenza, kazi yake iwe moja: kutazama wanaobisha hodi. Ofisi inayoweka mlinzi getini na daftari la wageni isione tabu kuweka mtu mmoja kwenye mlango wa mtandaoni.

Mnaweza pia kuweka kwamba walioingia kwa akaunti za ofisi wapite moja kwa moja, na wa nje tu ndio wasubiri. Mkurugenzi hatasubirishwa tena.

Aliyepewa mlango awe na orodha ya waalikwa mkononi. Tangazeni mapema kwamba kila mtu ajiandike jina kamili na tawi, kwa mfano "Neema, Mbeya". Akitokea "Galaxy A14", asiruhusiwe kwa kukisia. Mtumieni ujumbe kwenye chumba cha kusubiri abadilishe jina, au mpigieni simu mnayedhani ndiye. Kuna kitufe cha kuruhusu wote kwa mkupuo. Kwenye kikao cha kazi msikiguse, kwa sababu asiyehusika hupita humohumo kwenye kundi la wanaohusika.

Tufunge mkutano kabisa watu wakishafika?

Mtandao wenu ukiwa imara, fungeni. Ila jueni kwamba mkutano wa Zoom ukifungwa, hata aliyekatika hawezi kurudi hadi mwenyeji aufungue. Kwa ofisi ambazo umeme unakatika au tawi moja linategemea bando la simu, itakuwa kazi ya kufungua na kufunga kila dakika. Hapo chumba cha kusubiri chenye mtu makini kinafaa zaidi.

Mvamizi ameshaingia, anapiga kelele au anaonyesha picha chafu. Sekunde za kwanza nifanye nini?

Usibishane naye wala usimuulize ni nani. Zoom ina kitufe, kati ya zana za usalama za mwenyeji, kinachosimamisha shughuli zote za washiriki mara moja: video, sauti, soga, kushea skrini na kurekodi. Bonyeza hicho kwanza. Kisha mtoe mtu huyo, uwashe tena kimoja kimoja. Kwa kawaida aliyetolewa Zoom harudi, isipokuwa kama mpangilio wa kuruhusu waliotolewa kurejea umewashwa, hakikisheni umezimwa. Kwenye Meet na Teams mwenyeji anaweza kuzima maiki na kamera za wengine na kumtoa mtu kupitia orodha ya washiriki.

Wakiwa wengi, au vidole vikikutetemeka, maliza mkutano kwa wote. Anzisheni mwingine wenye namba mpya na muwapigie simu wahusika. Hakuna ajenda ya kazi inayostahili watu waendelee kutazama uchafu wakati mwenyeji anatafuta kitufe.

Baadaye andikeni saa, jina alilotumia na alichofanya, na muhifadhi orodha ya waliohudhuria. Kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania na sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, kwa hiyo mna haki ya kwenda polisi. Tanzania kuna pia TZ-CERT, timu inayoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao, iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kenya kuna timu kama hiyo, KE-CIRT/CC, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kama kilichoonyeshwa ni picha za kudhalilisha watoto, msizihifadhi wala kumtumia mtu yeyote, hata kwa nia ya ushahidi. Toeni taarifa polisi, nao wawaeleze nini cha kufanya. Na zungumzeni na waliokuwepo. Mtu aliyeona jambo la kutisha akiwa kazini asiachwe nalo peke yake.

Kuna jina la programu ya kuandika muhtasari kwenye orodha ya washiriki, na hakuna anayekiri kuileta.

Itoeni. Programu hizi za akili mnemba huingia mkutanoni kama mshiriki, husikiliza, hugeuza sauti kuwa maandishi na kuyatunza kwenye seva za kampuni nyingine. Huja kwa sababu mmoja wenu aliwahi kuiunganisha na kalenda yake, pengine kwa majaribio, na tangu hapo inaingia kwenye kila kikao kilichomo kwenye kalenda hiyo, wakati mwingine hata mwenyewe asipohudhuria. Muhtasari wake huweza kujituma kwa waalikwa wote bila mtu kuupitia. Fikirieni muhtasari wa kikao cha nidhamu ya mfanyakazi ukisambaa namna hiyo.

Hatusemi msizitumie kabisa. Zinawasaidia sana wanaoandika muhtasari peke yao. Chagueni moja, ofisi iikubali, iingie kwa tangazo, na itolewe wakati wa mishahara, nidhamu, zabuni na afya za watu.

Na kurekodi je, tunahitaji ruhusa?

Waambieni watu kabla hamjaanza, na muwaeleze rekodi ni ya nini na nani ataiona. Sura na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 zote zinamtaka anayekusanya taarifa amweleze mhusika lengo lake. Kenya, taarifa zikiangukia mikononi mwa asiyehusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Tatizo kubwa zaidi ni mahali rekodi inapowekwa. Aprili 2020 gazeti la Washington Post lilikuta maelfu ya rekodi za Zoom zikitazamika na yeyote mtandaoni, zikiwemo za matibabu na za biashara. Zoom haikudukuliwa. Watu walipakua rekodi zao, wakaziweka kwenye hifadhi za mtandaoni zisizo na nenosiri, na kwa kuwa mafaili yalibaki na majina yanayofanana, kuyatafuta kulikuwa rahisi. Badilisheni jina la faili, liwekeni kwenye hifadhi ya ofisi, wapeni wanaohusika kwa majina yao na msiliache kwenye linki ambayo yeyote anaweza kuifungua. Rekodi ambayo kazi yake imeisha ifutwe.

Je, mazungumzo yetu yamesimbwa? Kuna anayeweza kuyasikia njiani?

Zoom, Meet na Teams zote husimba mazungumzo yanaposafiri, yaani huyageuza mafumbo yasiyofunguka bila funguo maalumu, kwa hiyo jirani anayetumia Wi-Fi moja na wewe hawezi kuyachota kirahisi. Lakini funguo kwa kawaida huwa kwa kampuni. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ambao funguo hubaki kwa washiriki tu, ni jambo jingine. Zoom ilitangaza kwamba inao wakati haikuwa nao kwa maana hiyo, na Novemba 2020 ilifikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuhusu madai hayo. Usimbaji huo wa mwisho hadi mwisho uliletwa kweli Oktoba 2020, na mpaka leo ni lazima mwenyeji auwashe mwenyewe. Ukiuwasha unapoteza kurekodi kwenye seva zao na kuingia kwa kupiga simu ya kawaida. Kwa kikao cha bodi kinachojadili jambo zito, gharama hiyo inalipika. Kwa kikao cha kila Jumatatu hamna haja. Simu za video za WhatsApp zina usimbaji huo tayari, ingawa hazina zana za kuongoza kikao kikubwa.

Usimbaji hautawasaidia kama mmoja wenu ameunganika vibaya. Februari 2024 maofisa wa jeshi la anga la Ujerumani walizungumza kwa Webex, programu nyingine ya mikutano, kuhusu makombora ya Taurus. Rekodi ya dakika 38 ikatangazwa na vyombo vya Urusi tarehe 1 Machi. Waziri wa Ulinzi Boris Pistorius alieleza kwamba mshiriki mmoja alijiunga akiwa hotelini Singapore kwa muunganisho usioidhinishwa.

Basi nikiwa safarini nijiungeje?

Tumia bando la simu yako badala ya Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, na ujiunge kupitia programu yenyewe kwa akaunti ya ofisi. Vaa visikilizi. Mara nyingi siri haivuji kwa udukuzi. Inavuja kwa abiria wa kiti cha nyuma anayesikia takwimu za mauzo kutoka kwenye spika ya simu.

Mhasibu wetu aliagizwa na bosi alipe fedha, na alimwona kwa macho yake kwenye video. Inaweza kuwa uongo?

Inaweza. Mwaka 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha huko Hong Kong, katika kampuni ya uhandisi ya Arup yenye makao yake Uingereza, alipata barua pepe ya kumwagiza malipo ya siri. Aliitilia shaka. Kisha akaitwa kwenye mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake wengine anaowafahamu kwa sura na sauti. Shaka ikamtoka. Akatuma fedha mara 15, jumla ya dola milioni 200 za Hong Kong, takriban dola milioni 25 za Marekani. Wenzake wote aliowaona walikuwa wametengenezwa kwa akili mnemba.

Mhasibu yule alikuwa na akili timamu na alishashuku. Kilichomwangusha ni kuamini macho. Kwa hiyo wekeni utaratibu wa maandishi: hakuna malipo yanayoidhinishwa mkutanoni. Baada ya kikao mhasibu anampigia mwagizaji kwa namba aliyonayo siku zote, si ile iliyotajwa kwenye mwaliko, na saini ya pili inabaki palepale. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aseme hadharani kwamba hatakasirika kupigiwa. Asiposema, hakuna mhasibu atakayethubutu.

Nimetumiwa mwaliko unaonitaka nipakue toleo jipya kwanza.

Usipakue kupitia mwaliko. Fungua programu yenyewe uisasishe humo, au nenda kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Kama mwaliko unatoka kwa mtu usiyemtarajia, mpigie.

Ofisi nzima inatumia akaunti moja na nenosiri moja. Tuna bajeti ndogo.

Tunaelewa bajeti, na hata akaunti za bure zinafaa kwa vikao vifupi: Zoom huruhusu dakika 40, Meet dakika 60 kwa watu watatu au zaidi. Kila mwenye kuitisha vikao awe na yake. Akaunti ya pamoja ina ubaya kwamba hakuna anayejua nani alifanya nini, na nenosiri halibadilishwi kwa sababu kila mtu analitegemea. Aprili 2020 maelezo ya kuingilia akaunti zaidi ya 500,000 za Zoom yaliuzwa mtandaoni. Wauzaji walichukua manenosiri yaliyovuja kwenye tovuti nyingine wakayajaribu huko, na yakakubali kwa waliotumia nenosiri moja kila mahali.

Kama lazima muwe na moja, iwe na nenosiri lisilotumika kwingine, uthibitisho wa hatua mbili (baada ya nenosiri, uthibitisho mwingine kama namba ya mara moja kwenye simu), na mtu mmoja anayewajibika nayo kwa jina.

Kushea skrini kuna hatari gani?

Shea dirisha la faili unaloonyesha, siyo skrini nzima, na ufunge WhatsApp ya kwenye kompyuta. Na yeyote anayejifanya wa benki au wa mtandao wa simu akakutaka ushee skrini kwenye simu ya video, kata. Anangoja ujumbe wenye namba ya siri utokee juu ya skrini yako ausome.

Mkutano ukiisha kuna la kufanya?

Mwenyeji amalize mkutano kwa wote. Asitoke tu akaacha watu humo. Kisha yule aliyeshika mlango apakue orodha ya washiriki, kama akaunti yenu inaruhusu, ailinganishe na ya waalikwa siku hiyohiyo. Akikuta jina asilolijua, amuulize mwenyekiti kabla muhtasari haujatumwa kwa mtu yeyote.